Daftari la Mtafiti na Kidonda cha Kijiji

Wilaya ya Misungwi, iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, ni sehemu ya Usukuma, eneo ambalo kwa miongo kadhaa limeshuhudia mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi, na kuanzia mwaka 2007 likakumbwa pia na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Shule ya Msingi Mitindo, iliyomo wilayani humo na inayojulikana kwa kufundisha wanafunzi wasioona, ikageuka kuwa kimbilio la watoto wenye ualbino ambao wazazi wao hawakuthubutu tena kuwalaza nyumbani.

Hapakuwa na vita hapo, lakini jamii iliyopitia ukatili wa aina hii inafanana na Rwanda ya baada ya 1994 kwa jambo moja zito, kwamba aliyeumizwa na aliyeumiza huendelea kuchota maji katika kisima kimoja. Katika mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyoundwa mwaka huo kushughulikia mauaji ya kimbari, mashahidi wengi walijificha nyuma ya pazia na kuitwa kwa herufi badala ya majina, ilhali katika mabaraza ya kijamii ya Gacaca nchini Rwanda, yaliyofungwa mwaka 2012, watu walisema mbele ya majirani zao. Mtafiti afikaye Misungwi kuuliza habari za mauaji hayo, hata akiahidi usiri kama wa Arusha, huwa karibu zaidi na hali ya Gacaca.

Sababu yake, ajabu, imo katika utaratibu uleule uliowekwa ili kumlinda mhojiwa. Kibali hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikiwa suala ni la afya, kisha barua hushuka mkoani, wilayani, katani na kijijini, hadi mwenyekiti wa kitongoji amsindikize mgeni mlangoni, na gari linapozimwa uani kitongoji kizima kimeshajua ni nyumba gani inayohojiwa na kuhusu nini. Wenyeji si wageni wa utafiti, kwa maana majaribio ya vyandarua vipya vya kuzuia malaria yalifanyika wilayani humo kuanzia mwaka 2019, ila swali la chandarua hujibika hata jirani akiwa amesimama kando. Swali la nani alimtuhumu bibi halijibiki hivyo, hasa pale tuhuma ilipoanzia kwenye mgogoro wa shamba na mwenye kulitaka shamba hilo ndiye anayeleta kigoda cha mgeni.

Ndipo hutolewa fomu ya ridhaa, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba mtu amekubali kuhojiwa kwa hiari yake. Kikongwe ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe, na ambaye wekundu huohuo umefanywa ushahidi wa uchawi wake, huombwa kuchovya kidole gumba katika wino, alama ambayo maishani mwake pengine ameiona polisi au kwenye hati ya kuuza ardhi tu. Kukubali kwake mbele ya mwenyekiti ni vigumu kukuita hiari.

Msikilizaji naye haponi. Mwaka 2008 mwanahabari Vicky Ntetema, aliyechunguza kwa siri waganga wa eneo hilo waliohusishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, alilazimika kujificha kwa vitisho vilivyomfuata. Watafiti wengi hawatishwi na mtu, bali hupata kiwewe, yaani jeraha la nafsi lisilofunga, kwa kusikiliza tu habari za mapanga siku baada ya siku, na vyuo vyenye kukagua fomu kwa makini mara chache huuliza mtafiti analalaje usiku.

Anayesahauliwa kabisa ni mkalimani, kijana wa hapohapo aliyegeuza kila neno la Kisukuma kuwa Kiswahili, kwani gari likishaondoka na daftari, yeye hubaki, na siku ya mnada hukutana ana kwa ana na watu ambao majina yao yalipita kinywani mwake.