Mvuke wa thina unapotambaa sakafuni

Samani za mninga kutoka Tabora zina sifa nchi nzima. Mti wenyewe unatoka kwenye misitu ya miombo iliyouzunguka mji, na karakana za maseremala ziko mtaa kwa mtaa, vitanda na milango imeegeshwa barazani ikisubiri wateja. Mbao ikishapigwa randa na msasa hupakwa sila, kisha vanishi, na vyote viwili huchanganywa na thina ili viwe vyepesi na vikauke upesi. Ndiyo maana hakuna karakana isiyo na thina, na mara nyingi utaikuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala alama. Mafundi wanaijua thina kwa harufu yake na kwa kazi yake. Namna inavyoshika moto, wengi hawajawahi kuelezwa.

Thina ya vanishi ni mchanganyiko wa viyeyushi kadhaa. Kila kiwanda kina kanuni yake, lakini tolueni, zaileni na asetoni ni wenyeji wa kawaida humo. Vyote vina sifa moja: hugeuka mvuke upesi. Sifa hiyo ndiyo inayokausha vanishi, na hiyo hiyo ndiyo inayounguza karakana, kwa maana kimiminika chenyewe hakiwaki. Kinachowaka ni mvuke uliokwisha changanyika na hewa kwa kiasi chake.

Kila kimiminika cha namna hiyo kina kiwango cha joto ambacho chini yake hakitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa mafuta ya taa kiwango hicho ni kama nyuzi 38 au zaidi, na ndiyo sababu mafuta ya taa yaliyomwagika yenyewe tu hayalipuki ovyo kwa njiti ya kiberiti. Kwa tolueni ni nyuzi 4. Kwa asetoni ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa petroli ni chini zaidi, karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Tabora haina siku wala usiku wenye baridi ya namna hiyo, hata alfajiri ya Julai. Maana yake ni kwamba kopo la thina lililo wazi huko linatoa mvuke wa kuwaka saa zote 24, mwaka mzima.

Tolueni ikifika kama asilimia 1.1 ya hewa, mchanganyiko huo unaweza kushika moto. Lita moja yake ikikauka yote, mvuke wake unatosha kuifanya hewa ya chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari la karibu mita 2.3, kuwa tayari kuwaka. Lakini mvuke huo ni mzito mara tatu kuliko hewa, kwa hiyo hausambai sawasawa chumbani. Hulala chini. Robo lita tu iliyomwagika katika chumba hicho, mlango ukiwa umefungwa, inaweza kujaza hewa ya kuwaka kuanzia sakafuni hadi juu ya goti. Fundi aliyesimama hasikii harufu kali puani, naye anaamini hewa ni salama, kumbe miguu yake imezama.

Mvuke huo pia husafiri. Hufuata mteremko wa sakafu, hupita chini ya mlango, huingia mtaroni, na ukikutana na moto mbali na kopo, moto hurudi kwa njia ile ile mpaka kwenye chanzo. Hapo ndipo watu husema thina imelipuka yenyewe. Thina haijiwashi yenyewe namna hiyo. Uliza nani alikuwa na moto jirani: mama lishe mwenye jiko la mkaa nyuma ya ukuta, au fundi wa kuchomelea mageti katika banda la pili, ambaye cheche zake huruka mita kadhaa. Katika miji yetu seremala na mchomeleaji ni majirani wa kudumu, na ujirani huo unahitaji makubaliano ya wazi: siku ya kupuliza vanishi, mmoja anasubiri. Watu huihofia sana simu ya mkononi. Mimi ningeihofia kwanza swichi ya ukutani, mashine ya kusagia chuma, na kompresa.

Kompresa nataka kuisema peke yake. Swichi yake hujiwasha kila hewa inapopungua ndani ya tangi, na kila ikijiwasha hutoa cheche ndogo. Umeme ukikatika fundi akaondoka bila kuizima, ukirudi inajiwasha hakuna mtu. Iwekwe nje, upande unakotoka upepo, na mpira mrefu ndio uingie ndani. Feni nayo isiwekwe ivute mvuke upite kwenye mota yake. Iwekwe nyuma ya fundi, isukume hewa safi kuelekea nje. Bora kuliko yote ni kupuliza chini ya banda lisilo na kuta, au chumba chenye matundu chini kabisa ya ukuta, kwa kuwa dirisha la juu halitoi mvuke uliolala sakafuni.

Kiangazi cha Tabora kina hatari yake. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa hukauka, na katika hewa kavu umeme tuli hukusanyika kwa urahisi kwenye plastiki na nguo za nailoni. Kumimina thina haraka kutoka pipa la chuma hadi kwenye ndoo ya plastiki kunaweza kuzaa cheche usiyoiona. Tumia chombo cha chuma, mimina taratibu, na unganisha vyombo viwili kwa waya mtupu kabla ya kuanza, pipa nalo likiwa na waya wake hadi ardhini. Gharama yake ni waya na vibanio viwili.

Njia ya kutoka pwani hadi huku magharibi imezoea kubeba vitu vya moto. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilipakia baruti pamoja na nguo na shanga. Leo ni malori ya mafuta na mapipa ya viyeyushi yanayopita Morogoro, Dodoma na Manyoni. Na ni Morogoro hiyo, eneo la Msamvu, ambako tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Sange katika Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta liliua zaidi ya watu 200. Katika ajali za namna hiyo hata aliye hatua nyingi kutoka kwenye lori anaweza asipone, kwa sababu amesimama ndani ya mvuke. Petroli na thina ni ndugu katika jambo hilo. Tofauti ni kiasi tu.

Thina ikishika moto usimwage maji: itaelea juu yake na kusambaa. Moto mdogo ufunike kwa mchanga au uuzime kwa mtungi wa poda kavu. Ukiwa umekuzidi, toa watu na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Na maranda yafagiliwe kabla ya kupuliza vanishi, si baada yake.

Kuna pia madhara yasiyo na moto. Kichwa kinachouma jioni na kizunguzungu kama cha pombe ni dalili kwamba tolueni imefika kwenye ubongo. Kunywa maziwa hakusafishi kifua wala damu, maana mvuke umepitia mapafuni. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Inahitajika ile yenye kichujio cha mkaa maalumu, tena kibadilishwe. Wanaonawa mikono kwa petroli waache leo: ina benzini, na benzini husababisha saratani ya damu.

Narudi kwenye chupa ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akinywa thina, usimtapishe, kwa sababu ikirudi itaingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na uende na chupa yenyewe. Nawaomba wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma: acheni kupima thina kwenye chupa za maji na soda. Uzeni kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, na muandike juu yake kwa herufi kubwa THINA, INAWAKA.