Mchezo wa Mtemi Aliyeondolewa Kitini

Mwalimu wa Kahama atakaye kuwafundisha vijana wake mchezo wa mfalme aliyeangushwa, aghalabu huwaza kwanza juu ya Richard wa Pili wa Uingereza, aliyevuliwa ufalme mwaka 1399, na ambaye Shakespeare alimtungia mchezo kiasi cha miaka mia mbili baadaye. Mfano huo ni mwema. Walakini kwa nini tuvuke bahari, hali kusini kwetu, katika Unyanyembe, yuko Mnywa Sere?

Habari zake ni hizi. Mtemi Fundikira alipofariki, karibu na mwaka 1858, Mnywa Sere alitwaa kiti, akaamuru mali iingiayo nchini itozwe ushuru. Waarabu wa Tabora, ambao zamani za Fundikira hawakuulipa, wakakataa. Wakamwondoa kwa bunduki karibu na mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akisumbua njia za misafara. Mwaka 1861 alimwendea Speke, Mwingereza aliyekuwa akipita kutafuta chanzo cha Nile, akamsihi ampatanishe na Waarabu. Maneno ya amani hayakufaulu, na mwaka 1865 akauawa.

Hapa ndipo penye shida kwa mtunzi. Richard hulishika taji kwa mkono wake mwenyewe, kisha hulitoa, na kila mtazamaji hujua kuwa hapo ndipo pa kulia. Mnywa Sere hakutoa kitu. Basi mwalimu asijizulie tendo la kumvua kibangwa, lile kombe jeupe la pwani lililokuwa alama ya utemi, mbele ya baraza. Wazee watakaokuja kutazama watasema, "Huo ni uongo," na watasema kweli. Mimi naona moyo wa mchezo uwe yale mazungumzo na Speke: mtemi asiye na ikulu, akimwomba mpita njia amrudishie nchi yake.

Na maneno hayo, mtemi na ikulu, yatumike hivyo hivyo. Ni ya kwetu, wala "mfalme" hayatoshelezi.

Mkasiwa naye asifanywe mjinga wa kuchekwa. Apewe maneno mazito, maana mwanawe Isike ndiye aliyepigana na Wajerumani, akawasha baruti ndani ya boma lake huko Tabora, Januari 1893, asitwaliwe hai.

Michezo ya namna hii ina hatari yake. Mwaka 1601 wafuasi wa Essex walilipa fedha mchezo wa Richard uchezwe London, siku moja kabla ya maasi yao. Na lile tendo la kutoa taji halikupigwa chapa mpaka mwaka 1608. Kwetu sisi mamlaka ya watemi yalikomeshwa kwa sheria mwaka 1963, lakini koo zao zingalipo. Kwa hiyo, kabla ya mazoezi, mwalimu na aende kwa wazee awasomee maneno yote, hata yale ya Waarabu, akubali kusahihishwa. Na ngoma zichukuliwe zile za kuchezea harusini. Ngoma za utemi zisiombwe, hata kwa jioni moja.