"Mfululizo" na "jumla": kuhesabu miaka ya ukaazi kabla ya kuomba uraia

Mkaazi wa kudumu ni mgeni aliyeruhusiwa kisheria kuishi katika nchi bila ukomo wa muda, ingawa hajawa raia wake. Swali la lini anastahiki kuomba uraia huonekana kuwa la hesabu tu. Kwa hakika linategemea pia maana za maneno. Anayechanganya mfululizo na jumla aweza kuwasilisha maombi kabla ya wakati, akakataliwa na kupoteza ada yake.

Katika matumizi ya kawaida, mfululizo, neno lenye asili moja na kitenzi fululiza, hudokeza jambo lisilokatika: "Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo." Jumla ni hesabu ya vipande vilivyokusanywa: "Mwezi ule mvua ilinyesha siku kumi kwa jumla."

Sheria ya Marekani yadai yote mawili. Kwa kawaida mkaazi wa kudumu hutakiwa kuwa na makazi ya mfululizo ya miaka 5, na ndani ya miaka hiyo awe amekuwapo nchini kwa jumla ya miezi 30 au zaidi. Kinachofululiza hapa ni makazi, si kuwapo kwa mwili. Safari ya wiki tatu haiukati mfululizo, ila siku zake hupunguzwa katika jumla. Safari inayozidi miezi 6 bila kufika mwaka hudhaniwa kuwa imeukata, isipokuwa mwombaji athibitishe vinginevyo. Ya mwaka mmoja au zaidi kwa kawaida huukata.

Neno tangu nalo lahitaji uangalifu. Miaka huhesabiwa tangu tarehe ya kupewa ukaazi wa kudumu, iliyoandikwa kwenye kadi, wala si tangu siku ya kuingia nchini. Ikiwa tarehe hiyo ni 15 Agosti 2021, miaka 5 hutimia 15 Agosti 2026. Sheria huruhusu kuwasilisha maombi siku 90 kabla, yaani kuanzia 17 Mei 2026. Ruhusa hiyo haigusi jumla: miezi 30 sharti iwe imetimia siku ya kuwasilisha.

Afrika Mashariki hutumia vigezo vyake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 15, yataka ukaazi halali wa mfululizo usiopungua miaka 7 kwa anayeomba kuandikishwa kuwa raia. Tanzania, inayotumia istilahi tajnisi, neno lenye asili ya Kiarabu, huvitenganisha vipindi viwili: miezi 12 mfululizo kabla tu ya maombi, na jumla ya miaka isiyopungua 7 ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Mwombaji hutakiwa pia kujua Kiswahili au Kiingereza.

Hatimaye, tutofautishe kustahiki kuomba na kustahiki kupewa. Kutimia kwa miaka humpa mkaazi haki ya kuwasilisha maombi. Masharti mengine, kama vile mwenendo mwema, hubaki kupimwa. Kwa hiyo "Miaka yangu imetimia" ni sentensi sahihi. "Miaka yangu imetimia, basi mimi ni raia" ni sahihi kisarufi, lakini si kisheria.