Kutu huanzia chini ya rangi

Katika maeneo makavu kama Namoruputh, Kaunti ya Turkana, wapo wanaodhani kutu si tatizo kwa kuwa mvua ni haba. Hata hivyo, mnara wa chuma unaobeba tangi la maji hulowa kila tangi linapofurika au kuvuja, na kutu huanzia kwenye viungo vilivyochomelewa. Mguu mmoja ukilika, tangi laweza kuanguka, wakazi na mifugo wao wakabaki bila maji.

Rangi pekee haizuii balaa hilo. Kazi kubwa hufanywa kabla ya kopo kufunguliwa. Chuma hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi king'ae, kisha vumbi na mafuta hufutwa kwa kitambaa chenye thina. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, hivyo fundi hufunika pua na mdomo, na watoto huwekwa mbali.

Praima hupakwa siku iyo hiyo, kabla kutu haijarejea. Hiyo ndiyo hushikamana na chuma. Rangi ya juu huikinga dhidi ya jua na maji. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja zito.

Chuma kilichochomwa na jua hukausha rangi kwa juu ilhali chini ingali mbichi, ikatoa malengelenge. Heri kungoja kipoe, na kuikinga kazi na vumbi kwa turubali. Ndani ya tangi la maji ya kunywa, rangi ya kawaida haifai kamwe.