Kompyuta Kuukuu Si Lazima Itupwe

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Maana yake ni kwamba mianya ya usalama inayogunduliwa haizibwi tena kama zamani. Mfumo uliofuata, Windows 11, huzikataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Basi wenye kompyuta mpakato za zamani wanaambiwa madukani kuwa dawa ni moja: nunua mpya.

Ndugu msikilizaji, dawa si moja. Mara nyingi kilichochoka si mashine, bali ni mzigo umeizidi. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote. Mfumo mzito ukiwekwa kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo huliwa na mfumo wenyewe kabla mwenye mashine hajafungua hata barua moja.

Linux ni mfumo wa namna nyingine. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Ndiyo maana yako matoleo mengi, na mengine yamepunguzwa uzito makusudi. Linux Mint yenye sura ya Xfce huweza kuendeshwa kwa gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Toleo la antiX huridhika na pungufu ya hapo. Yote mawili hayalipiwi.

Kazi yenyewe huanza kwa kunakili picha, barua na hesabu zako mahali pengine, kwa sababu diski ikishafutwa hakuna wa kulaumiwa. Kisha pakua toleo unalolitaka, uliandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus. Washa mashine kwa flashi hiyo. Katika mashine nyingi hubonyezwa F12, F2 au Esc mara inapowaka. Hapo waweza kuujaribu mfumo bila kugusa diski. Angalia kama intaneti, sauti na printa vinafanya kazi. Ukiridhika, ndipo uusimike.

Hata hivyo, tusidanganyane. Betri iliyokufa haitafufuka. Programu nyingi za Windows, mathalani za hesabu za duka, huenda zisikubali. Kwa barua na majedwali ipo LibreOffice, nayo ni ya bure. Na kama mashine bado inajikokota, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile ya SSD huleta nafuu kubwa.

Kwa mwenye fedha, haya ni mambo ya kupitisha wakati. Kwa mzazi anayekata ada ya mtoto ili anunue kompyuta, au mwenye kibanda cha kuchapa barua, ni suala la riziki. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kumpa muuza duka fedha zako, jaribu kwanza flashi moja.