Rangi ikipotea majini, sumu yaweza kubaki

Maji yanayotoka kwenye mapipa ya kutia rangi nguo hayahitaji mtaalamu kuyatambua. Yakiwa mekundu au ya buluu, kila apitaye mtoni anayaona na kulalamika. Kazi ngumu huanza pale yanapokuwa maangavu.

Rangi nyingi za nguo zinazotengenezwa viwandani ni za kundi la azo, ambalo molekuli zake zimeshikana kwa kifungo cha naitrojeni. Bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni hukikata kifungo hicho na rangi ikatoweka machoni. Vinavyobaki ni vipande viitwavyo amini, na baadhi yake ni sumu kali kuliko rangi yenyewe.

Ndiyo maana sampuli moja ya maji kutoka kwenye bomba la kiwanda haitoshi.

Maabara nyingi hufuata taratibu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD. Samaki huwekwa kwenye matangi yenye viwango tofauti vya rangi kwa saa 96, kisha hutafutwa kiwango kinachoua nusu yao. Kipimo cha dafnia, mdudu mdogo wa jamii ya kamba ambaye ni chakula cha samaki wachanga, huchukua saa 48. Hutumika wadogo wasiofikisha siku moja tangu kuzaliwa. Chombo hutikiswa polepole, na asiyeogelea ndani ya sekunde 15 huhesabiwa kuwa ameshindwa.

Mwani hupimwa kwa saa 72, na hapo rangi huleta utata wake. Mwani ukidumaa, je, umelishwa sumu au umenyimwa mwanga tu? Mpimaji makini hutenganisha mambo hayo mawili. Kwa mwani wa ziwani, hata hivyo, giza nalo ni madhara.

Suala hili halina mpaka. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, lakini mto wake Nzoia, unaopokea maji ya Eldoret, mji wenye kiwanda cha nguo, humwaga humo humo wanamovua Watanzania na Waganda. Mwanza nako kuna historia ndefu ya viwanda vya nguo. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya wavuvi kutumia sumu, nchi zote tatu ziliumia, bila kujali sumu ilimwagwa upande gani.

Itifaki ya bonde la Ziwa Victoria, iliyotiwa saini mwaka 2003, inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Ili alipe, lazima madhara yathibitishwe. Ushahidi huo hautapatikana kwa kuangalia weupe wa maji. Dafnia na samaki wale wale wanapaswa kuwekwa kwenye maji ya bomba, kisha kwenye maji yaliyokwisha kukaa juu ya tope hadi rangi ikaisha, na majibu yasomwe pamoja Kisumu, Mwanza na Entebbe.