Masega ya Motokaa na Gharama Yake

Motokaa nyingi zipitazo katika barabara zetu zimetoka Japani, nazo zimekwisha tumika huko miaka mingi kabla ya kupakiwa melini. Mtu anunuapo gari la namna hiyo hupiga hesabu ya matairi, betri na breki. Lakini ni wachache wanaokumbuka kitu kimoja kilichofichwa chini ya gari, ambacho kikiharibika chaweza kudai fedha nyingi kuliko vyote hivyo. Mafundi wetu hukiita masega. Nataka kuwaeleza wasomaji, hasa wazazi wenye magari ya zamani, kitu hiki ni nini, kwa nini ni ghali, na jinsi fedha zinavyopotea bure wakati wa kukibadilisha.

Jina hilo limefaa sana. Katika bomba la moshi, kati ya injini na sailensa, pameungwa kopo la chuma. Ukilipasua utakuta ndani yake kipande cha kauri chenye matundu madogo madogo, mamia kwa mamia, mfano wa sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Waliosoma kemia wamekwisha kutana na neno kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila ya chenyewe kuliwa. Ndiyo kazi ya madini hayo. Moshi wa petroli hutoka katika injini na sumu za namna tatu: kaboni monoksidi, ambayo huweza kumwua mtu naye asisikie hata harufu, petroli isiyoungua, na oksidi za naitrojeni, ambazo huumiza mapafu. Zikipita katika masega yaliyokwisha kupata joto la nyuzi 300 hivi au zaidi, zile mbili za kwanza hugeuka kuwa kaboni dioksidi na maji, na ya tatu hurudi kuwa naitrojeni, ile ile tuivutayo kila siku.

Chombo hiki si kipya. Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikishughulikia tangu miaka ya 1950. Kilichomzuia ni risasi iliyotiwa katika petroli siku zile, kwa maana risasi huyafunika madini yale nayo yakafa. Marekani ilianza kufunga masega katika magari mapya ya mwaka 1975, ikalazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa motokaa, mwaka 2021.

Sasa tutazame bei. Kopo ni chuma tu, na kauri si kitu. Thamani yote imo katika gramu chache za madini, ambayo mengi huchimbwa Afrika ya Kusini na Urusi. Mapema mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 29,000, wakati aunsi ya dhahabu haikufika dola 2,000. Tangu hapo imeshuka sana, lakini wezi wa masega walikwisha jifunza kazi, na mwenye gari huamka asubuhi akawasha injini ikanguruma kama trekta. Hata huko Marekani, ambako sheria humtaka mtengenezaji adhamini masega kwa miaka 8 au maili 80,000, muda huo ukipita mzigo ni wa mwenye gari. Na yetu hutufikia muda huo umekwisha kupita.

Hapa nitamtaja baba yangu mkubwa, kwa kuwa niliyaona mambo yake kwa macho. Ana Toyota ya mwaka 2003, ndiyo impelekayo mama mkubwa hospitali ya wilaya kila mwezi. Gari lilianza kushindwa mlima, na taa ya onyo la injini ikawaka. Gereji ya kwanza ilimwambia anunue masega mapya kwa shilingi 1,400,000. Fedha hizo alikuwa nazo, lakini zilikuwa za mbolea ya msimu mzima. Fundi wa pili alikuwa mpole zaidi: “Mzee, ya nini kujitesa? Nitakata, nichomelee bomba tupu, unipe 90,000 tu. Hayo mabovu niachie mimi.” Ni neno zuri masikioni, ila tazama alichokiomba mwishoni. Masega mabovu bado yana madini yake, na wako wanunuzi. Tena, gari lililokatwa masega hutoa sumu zake zote, na wanaozivuta ni sisi tuliosimama kituoni kungoja basi.

Fundi wa tatu hakutaja bei. Aliuliza kwanza masega yameuawa na nini. Swali hili ndilo lenye fedha, maana masega ni nadra kufa yenyewe. Aghalabu huuawa na injini. Plagi isipochoma, petroli mbichi huingia katika masega ikawaka humo humo, na kauri ikayeyuka ikaziba njia. Injini inayokula oili nayo huyapaka majivu. Ukifunga masega mapya bila ya kuponya ugonjwa huo, utayanunua tena baada ya muda mfupi. Alifungua kidude cha kupimia oksijeni kilicho mbele ya masega, akaweka geji katika tundu lake. Msukumo wa moshi ulikuwa mkubwa kupita kiasi, ishara kwamba njia imeziba. Kisha akapima koili moja moja, na ya silinda ya tatu ikawa imekufa. Iwapo msukumo ungekuwa wa kawaida, angepima vile vidude vya oksijeni, kwani taa ile huwaka pia kwa ubovu wao, na bei yao ni ndogo mno kuliko ya masega.

Walikwenda pamoja kutafuta masega yaliyotumika. Hapo pia pana ujanja. Kopo laweza kuwa tupu, mwuzaji amekwisha toa kilicho ndani. Au limetikiswa hata sega limevunjika. Fundi alimulika tochi upande mmoja akachungulia upande wa pili: nuru ikipita katika matundu yote sawasawa, na kopo lisipolia ukilitikisa, ni dalili njema. Yapo na mapya ya bei rahisi sana, lakini mengi yao yamepakwa madini kidogo, hayadumu.

Hesabu ilikuwa hivi: koili 70,000, plagi nne 60,000, masega 450,000, ufundi 60,000, jumla shilingi 640,000. Masega ya zamani baba mkubwa aliyafunga katika gunia, akawauliza wanunuzi watatu. Wa kwanza alitaja 60,000. Wa tatu alitoa 200,000.